Mgahawa wa Siha na Njaa ya Mizani

Redio ya Maftaha ilikuwa na ugonjwa wa kifua. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ndipo sauti ya mtangazaji ikachomoza ikisema kwamba mfanyakazi anayekula vizuri mchana huzalisha vizuri mchana huohuo. Maftaha akaipiga kofi la mgongoni, redio ikazimika kabisa.

"Lakini mmesikia," akasema, akimimina kahawa. "Kula vizuri ni uzalishaji."

"Mimi nilijua zamani," akajibu Salu. "Walionichelewesha ni wao."

Hapo ni kwenye benchi lililoegemea ukuta wa ghala la pamba la chama cha ushirika, Bariadi, mwaka ule ambao kila redio ilikuwa inafundisha watu kula. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umeshika kasi. Manyoya ya pamba yaliruka kutoka kwenye magunia yakawaganda watu nywele, nyusi na masharubu, kiasi kwamba ukipita mbali ungedhani benchi lile limekaliwa na babu watupu.

Maftaha, muuza kahawa, alikuwa mtu wa Ujiji aliyehamia na birika lake. Walimwita Idhaa, kwa sababu habari ikipotea redioni ilipatikana kwake. Salu alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba, kijana wa Dutwa mwenye kifua kama mlango wa zizi. Jina lake la benchi lilikuwa Nundu, kwa ajili ya kile kipande cha ng'ombe alichokitaja kila siku na kukipata mara chache. Novatus, mpiga chapa wa ofisi ya chama, aliitwa Azimio. Huyu hakuweza kuomba sukari bila kwanza kueleza msimamo wa wakulima na wafanyakazi juu ya sukari.

Wa nne alikaa pembeni siku hiyo, kahawa imempoa mkononi. Ndiye Machibya, karani wa mizani. Walimwita Mizani, na jina alilipenda.

"Ndugu zangu," Azimio akajikohoza, "meneja ametoa agizo. Nimelipiga chapa mwenyewe leo asubuhi. Kesho wafanyakazi wote wa ghala tunakula chakula cha mchana pale Mgahawa wa Siha, ule wa kina mama wa kikundi. Tuwe mfano."

"Agizo la kula?" Nundu akauliza.

"La kula."

"Basi mambo yamekuwa mazuri. Zamani walituagiza kulima tu." Nundu akajisogeza. "Kuna nyama?"

"Kuna protini."

"Huyo ni mnyama gani?"

"Siyo mnyama, Ndugu Salu."

"Ana pembe?"

"Protini haina pembe, haina kwato, haina nundu. Unaipata ndani ya maharage."

Nundu akatulia, akafikiri. "Ndani ya maharage? Kumbe ni mdudu!"

Maftaha akacheka mpaka birika likamwagika. Akajipangusa, kisha uso ukamkunjamana ghafla. "Na mnajua wanauza nini badala ya kahawa? Soya! Wanaikaanga, wanaitwanga, wanasema ni kahawa. Maharage yamevaa kanzu yanataka kuitwa shehe!"

"Soya inajenga mwili," Azimio akasema.

"Kahawa yangu imebomoa mwili wa nani? Mtaje!"

"Mimi siendi," akasema Mizani.

Wote wakageuka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae.

"Huendi wapi?"

"Huko. Siendi." Akaweka kikombe chini. "Mgahawa ule ni wa kibepari."

Azimio akashtuka kama aliyetukaniwa mzazi. "Wa kibepari? Unaendeshwa na kikundi! Kina mama wanagawana kazi, wanagawana kuni, wanagawana hata moshi!"

"Sikiliza. Hawa kina mama nyumbani wanapika bure. Sawa? Leo chakula kilekile wanakiuza. Kile cha bure kimekwenda wapi? Nani kakinyonya?"

Azimio akatazama juu kwenye paa la ghala kana kwamba jibu lilikuwa limebandikwa huko. Hakuwahi kupiga chapa kitu chochote chenye jibu la swali hilo.

"Hilo," akasema hatimaye, "linahitaji semina."

"Yaya, yaya," Nundu akakataa kwa Kisukuma chake. "Mimi nakula kwanza, semina baadaye. Mizani, sema kweli. Unaogopa nini?"

"Tumbo langu haliwezi mavyakula mageni."

"Mageni? Wanapika ugali wa mtama! Wanapika mlenda! Umezaliwa juu ya mlenda wewe!"

"Halafu mizani. Msimu huu siwezi kuacha mizani peke yake."

"Mizani inakula?"

"Haili."

"Basi iache na njaa yake, twende sisi tunaokula."

Maftaha aliosha vikombe taratibu, akimtazama Mizani kwa jicho la chini, jicho la mtu aliyeshiba habari na kungojea muda wa kuzitapika.

Ukweli ni kwamba Machibya hakuwa anaogopa maharage wala mlenda. Alikuwa anaogopa aliyeshika mwiko. Juma lililopita alipita nyuma ya mgahawa ule akakatisha kwenda posta, akasikia mtu anacheka jikoni. Kicheko kile alikijua. Alisimama katikati ya njia, baiskeli zikamkwepa, mpaka mwenye mkokoteni akamuuliza kama amekuwa alama ya barabara. Aliyecheka ni Nyanjige, mke wake.

Benchi zima alikuwa amelieleza kwamba Nyanjige yuko Ipililo, anamuuguza mama yake. Alieleza hivyo miezi mingi, na kila alipoulizwa hali ya mgonjwa alimpandisha na kumshusha kwa busara: leo nafuu kidogo, juzi alizidiwa. Lakini hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nyanjige aliondoka kwa ajili ya sahani.

Ilikuwa mwaka wa ukame, watu wanapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano. Machibya ndiyo kwanza amepanda kuwa karani, amenunua soksi ndefu, na mkaguzi amekuja kutoka Shinyanga. Akamkaribisha nyumbani ale. Nyanjige alikuwa amepata mtama kwa mtu wa Lalago, akaubadilisha na kanga yake mpya ambayo hata kuifua alikuwa hajaifua. Akasonga ugali, akaunga nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga nzito. Akaleta, akapiga magoti, akaweka mezani. Machibya akaona weusi wa ule ugali mbele ya shati jeupe la mkaguzi, aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Toa chakula hiki cha njaa," akasema. "Nina mgeni."

Akamchukua mkaguzi wakaenda hoteli ya barabarani kula wali na nyama. Aliporudi, ile sahani ilikuwa palepale, imefunikwa. Asubuhi sahani ilikuwepo. Nyanjige hakuwepo.

Tangu siku hiyo alikula hotelini. Wali na nyama, chapati na nyama, mandazi na chai. Mwanzoni alijiona bwana mkubwa. Baadaye mkanda ukaanza kulegea, akautoboa tundu jipya kwa msumari. Mara mbili alipanda lori kwenda Ipililo kumfuata. Mara zote alishuka njiani, Maswa, akanunua karanga, akarudi.

Kesho yake, Jumatano, wakaenda. Agizo ni agizo. Mizani alikuwa amechana nywele mpaka manyoya ya pamba yote yakaisha, jambo ambalo Nundu aliliona palepale.

"Leo umekuwa kijana. Unakwenda kula au kuposa?"

"Nakwenda kutii agizo."

Mgahawa wa Siha ulikuwa chumba kimoja kilichopakwa chokaa, meza mbili ndefu, na beseni la kunawia mlangoni. Mkuu wa pale alikuwa Bibi Maendeleo, jina lake Wilhelmina, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufundishia watu mia. Ukutani aliandika kwa mkaa: NAWA. TAFUNA. NYAMAZA.

"Karibuni ndugu wafanyakazi! Mikono! Wewe, hizo kucha ni zako au za jirani? Rudi, sugua!"

Nundu akarudi kusugua. "Kula kwenyewe kuna kazi kuliko kupakia marobota."

"Meneja wenu yuko wapi?"

"Amepata mgeni wa ghafla," Azimio akaeleza. "Ametutuma tumwakilishe."

Mizani akachagua kiti kinachotazama barabarani, mgongo ameupa jikoni. Nyuma yake alisikia mwiko ukigonga sufuria. Alisikia mtu anapuliza moto. Akajifanya kusoma ukuta.

"Leo tuna ugali wa mtama uliochanganywa na ulezi," Bibi Maendeleo akatangaza. "Tuna nsansa ya karanga. Tuna dagaa, maziwa ya mgando na kipande cha papai. Kila kitu mwilini kina kazi yake. Papai ni ulinzi."

"Na jeshi lenyewe ni lipi?" Nundu akauliza.

"Dagaa."

"Ee bhebhe! Jeshi dogo namna hiyo?"

"Ndugu Salu," Azimio akamkemea kwa sauti ya chini, "kumbuka sisi ni mfano."

Sahani zikaja. Azimio akapata yake, ugali mweusi unang'aa, nsansa ikinukia karanga mpaka watu wakanyamaza bila kuambiwa na ukuta. Nundu akapata yake, akaitazama kwa mashaka, akamega tonge, akachovya, akameza. Akamega tena, hili kubwa kama ngumi.

"Vipi?" Azimio akauliza.

"Usinisemeshe."

Wafanyakazi wengine nao wakapata. Mizani akakaa mikono imelowa, hana kitu mbele yake. Bibi Maendeleo akatoka nje, akavuka barabara, akakawia kidogo, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Akaiweka mbele ya Mizani na kuifunua. Ndani yake kulikuwa na wali, na juu ya wali vipande vya nyama, mchuzi mwekundu unaelea mafuta.

Meza nzima ikaacha kutafuna.

"Hiki nini?" Mizani akauliza.

"Chakula chako. Nimekinunua hoteli ya mkabala. Mpishi ameagiza. Amesema ndugu huyu hali chakula cha njaa." Bibi Maendeleo akajipangusa mikono. "Na mimi sikupenda, maana mafuta yale ni hatari. Lakini kwa mambo ya jiko mpishi ndiye msemaji. Halafu meneja wenu nimemkuta kulekule. Anawasalimu. Amesema mle vizuri."

Hakuna aliyemcheka meneja. Macho yote yalikuwa kwa Mizani, na macho ya Nundu yalikuwa kwenye nyama.

"Tubadilishane," Nundu akanong'ona.

"Hairuhusiwi kubadilishana sahani!" akasema Bibi Maendeleo.

Mizani aliutazama wali ule. Harufu yake aliijua kuliko harufu ya shuka lake. Pembeni yake Azimio alikuwa ameshika tonge la mtama hewani, na ule mvuke wa karanga ukamwingia Mizani puani, ukashuka mpaka mahali ambapo wali haukuwahi kufika miezi yote ile. Akajiona mjinga mwenye soksi ndefu.

"Sasa unangoja nini?" Nundu akamwuliza, safari hii bila utani. "Si umfuate?"

"Nimfuate nani?"

"Mizani, usitufanye watoto. Mji mzima unajua nani anapika hapa. Idhaa ametangaza tangu siku ile mkeo alipofika. Ng'ombe wote wale uliowatoa kwa baba yake wanakamuliwa na wenzako, wewe umekaa unakula mandazi! Mimi ningekuwa na mke wa kupika nsansa hii, hata marobota ningeyabeba kwa kuimba."

Mizani akasimama, akaenda mpaka mlango wa jikoni. Mle ndani moshi ulikuwa mzito. Nyanjige alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, kitambaa kichwani, kanga imefifia rangi. Hakugeuka.

"Hodi."

"Wateja hawaingii jikoni."

"Mimi si mteja."

"Basi wewe ni nani?"

Ofisini swali hilo angelijibu hata usingizini. Hapa alianza na jina. "Machibya."

"Machibya yupi?"

"Wa nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Nyanjige akageuka sasa. "Mimi nasikia nyumbani mama yangu anaumwa. Kila anayetoka Bariadi anafika Ipililo kumpa pole. Wanamletea mayai, wanamletea kuku. Wengine wanamwombea. Mama amepewa pole mpaka ameanza kuumwa kweli."

Mizani akainamisha kichwa. "Nimekuja kula."

"Umeletewa."

"Siyo kile."

"Kile ndicho. Kimetoka kwenye hoteli ileile uliyompeleka mkaguzi wako. Hapa tunapika chakula cha njaa. Wewe ni karani. Una njaa wewe?"

Angeweza kusema mengi. Njiani alikuwa amejiandalia maneno ya maana, yenye msamaha ndani yake na heshima ya karani nje yake. Yote yakayeyuka kwenye moshi.

"Nina njaa, Nyanjige," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Huko mezani wakasikia.

"Kasema nini?" sauti ya Nundu.

"Kasema ana njaa," sauti ya Azimio.

"Na aliyemzuia kula ni nani?"

"Ukuta umesema nini?" Bibi Maendeleo akafoka. Wakanyamaza.

Nyanjige alimtazama mumewe vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona kola imechakaa, kifungo kimoja kimekwenda zake, mkanda una tundu lisilo la kiwandani. Akafunua sufuria. Hakuchukua sahani. Akapakua matonge mawili ya ugali juu ya mfuniko, akamwagia nsansa pembeni, akampa. Machibya akapokea kwa mikono miwili, akala kasimama. Lile tonge la kwanza alilimeza bila kulitafuna.

"Chumvi?"

"Imekolea vizuri."

"Sikukuuliza kukolea. Nimeuliza unataka nyingine?"

"Hapana. Ee. Kidogo." Akajipangusa jicho kwa mkono wa shati. "Moshi wenu huu mkali. Nyanjige, siku ile, mimi..."

"Siku ile ulisema mbele ya mgeni," Nyanjige akamkatiza. "Mbona leo unasemea jikoni?"

Machibya akaelewa. Akageuka na mfuniko wake mkononi, akatoka hadi katikati ya chumba. Wapakiaji, makarani, mlinzi, wote wakainua nyuso. Nundu alikuwa ameshaivuta ile sahani ya wali.

"Nasafisha meza," Nundu akasema haraka.

"Ndugu zangu," Machibya akaanza. "Mama mkwe wangu hakuwa mgonjwa."

"Tunajua," wakaitikia.

"Mke wangu aliniacha."

"Tunajua."

"Alipika chakula hikihiki, kwa mtama alioutolea kanga yake. Mimi nikakitukana mbele ya mgeni."

Azimio akaweka tonge chini. "Hilo," akasema kwa sauti ya ofisini, "tulikuwa hatujapata uthibitisho."

Machibya hakujua aongeze nini, na mfuniko ulikuwa unamchoma vidole. Ndipo Bibi Maendeleo, ambaye katika kazi yake alishazoea kwamba mtu akisimama akasema, akimaliza hupigiwa makofi, akasema, "Makofi kwa ndugu!" Wafanyakazi wa ghala la pamba wakapiga makofi kwa pamoja, pa, pa, pa, kama wamepitisha bajeti. Mizani akasimama katikati ya makofi yale akitamani paa limwangukie.

Jikoni mwiko ulikuwa umeacha kugonga sufuria.

Alipokwenda kurudisha mfuniko, Nyanjige aliupokea, akauosha, akaufuta, akautundika. "Natoka saa kumi," akasema bila kumtazama. "Ile sufuria kubwa nakwenda nayo kuloweka kunde nilikopanga. Ni nzito, na mimi leo mgongo unaniuma."

Akarudi kwenye mafiga.

Jioni benchi lilijaa mapema. Redio ilikuwa imepona kidogo ikawa inaimba taarabu kwa mbali, na Maftaha alikuwa anatetea kahawa yake mbele ya Nundu, ambaye alikiri amekunywa vikombe viwili vya soya.

"Msaliti!"

"Ilikuwa ya bure, Idhaa. Ya bure haina dini."

"Na wali ule?"

"Ule ulikuwa yatima."

"Je, Mizani amefunga mizani saa ngapi leo?" Azimio akauliza.

"Mapema," Nundu akasema. "Mkulima wa mwisho kapimiwa haraka mpaka akadhani amepunjwa. Akataka apimiwe tena."

"Mnadhani amemkubali?"

"Mwanamke akikupa chakula juu ya mfuniko, hiyo si ndiyo wala hapana," Maftaha akasema kwa uzoefu. "Sahani ni ndiyo. Mfuniko ni ngoja tuone."

"Wewe umelishwa juu ya mifuniko mingapi?"

"Mimi nimelishwa kwenye kiganja, bwana."

"Nyamazeni," Azimio akasema. "Yule anakuja."

Walikuwa wanakuja wawili. Nyanjige alikuwa mbele, mikono mitupu, anatembea taratibu kama mtu anayepunga upepo baada ya kazi. Nyuma yake alikuja Machibya, karani wa mizani, soksi ndefu zimeteleza hadi vifundoni, na kichwani amebeba sufuria kubwa nyeusi ya mgahawa, masizi yamemtiririkia kipaji cha uso mpaka kwenye shati. Wakulima waliokuwa wanangojea lori wakasimama kumtazama. Mmoja alimsalimia kwa heshima ya kazi yake, "Mwadila, karani!" na Machibya akashindwa kuitika kwa kuinama, maana angeimwaga heshima yote barabarani.

"Mizani!" Nundu akaita. "Umekubaliwa?"

"Nimekubaliwa kubeba," Machibya akajibu kutoka chini ya sufuria.

"Na mengine?"

"Mengine yako kwenye kamati."

"Kamati haijakaa," Nyanjige akasema. "Na mjumbe mmoja ameshasema kazi yake ya mgahawa haachi. Kamati ikikaa, ianzie hapo."

"Hilo halina mjadala," Machibya akasema haraka.

"Umeulizwa?"

"Hapana."

Azimio alikuwa ameshainua kidole aeleze nafasi ya mwanamke katika uzalishaji, lakini Nyanjige hakupita. Alisimama mbele ya benchi, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Maftaha.

"Nimechoka leo. Nipe kahawa."

Maftaha akababaika. Tangu aweke birika lake pale hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Wanawake walipita, walisalimia, walimtuma mtu. Lakini aliona anayeomba kahawa ya kweli ni mpishi mwenyewe wa Mgahawa wa Siha, furaha ikamshinda desturi. Akasuuza kikombe mara tatu.

"Sogeeni!" akawafokea. "Hamwoni mgeni?"

Nundu akasogea. Azimio akasogea mpaka akabaki na nusu ya tako hewani. Nyanjige akakaa katikati, akakunja kanga magotini, akapuliza kahawa, akanywa.

"Nzuri," akasema. Maftaha akaangalia pembeni asionekane anavyotabasamu.

Kisha Nyanjige akajiegemeza ukutani. "Haya," akasema, "endeleeni. Mlikuwa mnazungumza nini?"

Redio ikakohoa.

Nundu akamtazama Azimio. Azimio akatazama kucha zake. Miaka yote benchi lile halikuwahi kukosa la kusema, kuanzia bei ya pamba hadi kama watu wanalima mwezini. Sasa likawa kavu.

"Tulikuwa..." Azimio akaanza. "Tulikuwa tunajadili hali. Kwa ujumla."

"Hali gani?"

"Kwa ujumla tu, mayu." Akasimama. "Nimekumbuka nina kikao."

"Leo? Na nani?"

"Nitawakuta hukohuko." Akaondoka kwa mwendo wa mtu ambaye kikao chake kimeshaanza.

Nundu naye akajinyoosha. "Na mimi ndama wangu."

"Ndama wako si yuko Dutwa?" Maftaha akamwuliza.

"Ndiyo maana nawahi."

Akaenda zake akichukua hatua ndefu, njia isiyoelekea Dutwa hata kidogo. Mlinzi wa ghala akakumbuka ghala. Maftaha peke yake hakuwa na pa kukimbilia, jiko ni lake na moto unawaka. Akaligeuzia benchi mgongo, akaanza kuitengeneza redio, ambayo haikutaka kusema neno.

Nyanjige akasogeza makalio, akajipa nafasi zaidi. Jua lilikuwa linapenya kwenye vumbi la pamba, na benchi lilikuwa refu kuliko alivyowahi kudhani akiwa anapita njia. Akanywa funda jingine dogo.

Machibya alikuwa bado amesimama barabarani, shingo imekakamaa, jasho na masizi vimechora mistari usoni. Akamtazama mkewe, akatazama lile benchi tupu, akakohoa kidogo.

"Nyanjige," akasema kwa unyenyekevu, "naweza kuitua kwanza?"

"Ngoja," Nyanjige akasema. "Bado nakunywa."